Dinari Mbili za Msamaria

Katika hospitali nyingi za Kongo kuna kitanda ambacho daktari hasimami tena kando yake anapozungukia wagonjwa asubuhi. Mama aliyekilalia alijifungua kwa upasuaji, nyuzi zimeshatolewa, mtoto ananyonya vizuri. Kilichobaki ni fakture. Akijaribu kutoka, mlinzi wa getini atamwuliza, "Mama, karatasi ya kutoka iko wapi?" Na karatasi hiyo haitoki dirishani kwa mhasibu mpaka deni limalizike. Basi mama anabaki. Hospitali haipiki, ndugu ndio wanaoleta chakula, na kama ndugu zake wameishiwa atakula kinachosalia kwenye sufuria za wenzake wa wodini: kipande cha lituma, sombe kidogo, samaki siku mwenye bahati akitembelewa.

Mkaaji wa Kisangani hahitaji kuelezwa habari hii, maana ni ya nchi nzima. Mwaka 2018 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walipita kwenye hospitali na zahanati zaidi ya 20 mjini Lubumbashi, wakakuta moja tu isiyokuwa na mazoea ya kuwazuia wagonjwa walioshindwa kulipa. Lubumbashi ni mji wa shaba. Kisangani, mji wa mto na msitu, hauna hata migodi hiyo ya kuusingizia utajiri.

Jambo hili huzungumzwa kama shida ya fedha tu, na wahasibu wana haki ya kulizungumza hivyo. Ila kabla ya hesabu kuna swali la imani na la utu ambalo halijaulizwa vya kutosha kwenye mimbari za mji huu unaosali sana: je, inajuzu mwili wa mtu kuwekwa rehani kwa ajili ya dawa iliyouponya mwili huohuo?

Swali linawahusu watu wa dini kuliko wengine wote, kwa sababu hospitali za Kongo kwa sehemu kubwa ni zao. Karibu nusu ya maeneo ya afya ya nchi, katika jumla ya 519, yanaendeshwa na makanisa au kwa ushirikiano nao, Wakatoliki wakiwa na ofisi zao za tiba za kijimbo na Waprotestanti wakiwa chini ya Kanisa la Kristo Kongo. Kisangani historia hiyo iko karibu sana. Ukishuka mto kilomita zipatazo 20 unafika Yakusu, kituo cha Wabaptisti wa Uingereza, ambako daktari Clement Chesterman alifika mwaka 1920 akakuta ugonjwa wa malale unamaliza vijiji. Alitumia tryparsamide, dawa ya aseniki iliyotengenezwa katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, lakini kazi yake iliyodumu zaidi ilikuwa kufundisha wauguzi Wakongo na kuwaweka kwenye zahanati za vijijini, ili mgonjwa asisubiri mpaka aweze kupiga kasia hadi hospitali kubwa. Yakusu bado ina hospitali hadi leo.

Waislamu nao si wageni hapa. Tippu Tip, mfanyabiashara Mwislamu wa Zanzibar, alikuwa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, tangu 1887, na pamoja na biashara yake ya pembe za ndovu na watumwa, ambayo hakuna wa kuisifu, kilichobaki ni Kiswahili na misikiti.

Sasa, vitabu vya dini hizi vinasema nini kuhusu rehani? Vinasema mengi, na kwa ukali usiotarajiwa. Torati inamruhusu mkopeshaji kuchukua dhamana, kisha inamfunga mikono. Asichukue jiwe la kusagia, kwa kuwa ndilo riziki ya mdaiwa. Akichukua vazi la maskini, alirudishe kabla jua halijatua, kwa sababu usiku ni baridi na hana lingine. Asiingie hata ndani ya nyumba kuchagua dhamana. Angoje nje, aletewe. Qurani, katika sura ya Al-Baqara, inaamuru mdaiwa aliye katika dhiki angojewe mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Hakuna popote katika sheria hizo ambapo mwenye deni la matibabu anazuiwa asiende sokoni kutafuta pesa ya kulipia. Mama anayeuza ndizi au makaa kule Mangobo ndiye jiwe lake mwenyewe la kusagia; ukimfungia wodini, umezuia hata malipo unayoyadai.

Kongo ina kumbukumbu yake chungu ya rehani ya watu. Katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mawakala wa mpira waliwakamata wanawake wa kijiji na kuwafungia mpaka waume zao warudi kutoka msituni na kiasi cha mpira kilichoagizwa. Ripoti ya konsuli wa Uingereza Roger Casement ya 1904 na tume ya uchunguzi iliyofuata ziliandika juu ya mateka hao. Muuguzi wa leo hana kiboko, hakati mtu mkono, na kumlinganisha na mawakala wale kungekuwa matusi. Lakini mantiki ni ileile: mwanamke anashikwa ili watu wake wahangaike. Na inafanya kazi kwa sababu ileile, kwamba watu wake wanampenda.

Mkurugenzi wa hospitali akisikia haya atakunja uso, na ana hoja. Glavu zinanunuliwa. Uzi wa kushonea unanunuliwa. Umeme wa bwawa la mto Tshopo hukatika, na jenereta hainywi maji. Watumishi wengi wa afya nchini hufanya kazi miaka bila kuingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wanaishi kwa kugawana kile kinacholipwa na wagonjwa. Tukimwachia kila mtu aende, atasema, mwezi ujao hakutakuwa na mtu wa kumpasua anayefuata. Wahubiri huwajibu watu kama yeye kwa mfano wa Msamaria Mwema, wakimtaka muuguzi awe na huruma kama ya yule mtu wa barabara ya Yeriko.

Hapo ndipo mahubiri yanapokosea, kwa sababu kisa chenyewe hakijasomwa mpaka mwisho. Msamaria alifunga majeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Kisha akampeleka kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi yake alitoa dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, akampa mwenye nyumba, akaahidi kwamba gharama yoyote itakayozidi ataifidia akirudi. Mwenye nyumba ya wageni hakuombwa atoe bure. Hakuhubiriwa. Alilipwa, na akapewa neno la kuaminika kuhusu salio.

Kwa hiyo kisa kina kazi mbili, na Kongo imezikabidhi zote kwa mtu mmoja. Muuguzi wa zamu ya usiku asiyekuwa na mshahara anatakiwa awe Msamaria na mwenye nyumba kwa pamoja. Asipoweza, anafunga mlango na kumgeuza majeruhi kuwa dhamana. Kumshika mgonjwa ni kosa, na halisafishwi na umaskini wa anayelitenda. Lakini anayekosekana hasa ni yule wa dinari mbili.

Wapo wanaojitokeza kuigiza nafasi yake. Noeli ikikaribia, au uchaguzi, mwanasiasa anaingia wodi ya wazazi na kamera, analipa fakture kadhaa, kina mama wanatoka wakipiga vigelegele. Mtu asiwadharau waliotoka. Uhuru ni uhuru. Ila tendo hilo ni la kukomboa mateka, na linahitaji mateka wapya kila mwaka ili liendelee kupendeza. Msamaria wa Luka hakungoja mtu ashikwe ndipo alipe. Alilipa kwanza, na hatuambiwi hata jina lake.

Wala madhara hayaishii kwa aliyeshikwa. Habari zinasambaa. Mjamzito wa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto ambako hakuna daraja la kuvukia, akishikwa na uchungu usiku anapiga hesabu mbili: ya mtumbwi, na ya atakavyotoka huko aendako. Wengine wanaamua kungoja. Wanapitia kwanza chumba cha maombi cha mchungaji, au kwa mama mzee mwenye mizizi, na wanafika hospitali siku ya tatu wakati kilichokuwa uzazi mgumu kimekuwa hatari ya kufa. Upasuaji wa namna hiyo ni mgumu zaidi, damu inahitajika zaidi, na fakture ni nene zaidi. Ubora wa huduma huharibika hivyo kabla daktari hajavaa glavu.

Kuna jambo jingine linaloipa Kisangani nafasi ya pekee katika mjadala huu: mji huu unadai. Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mitaa yake kwa siku sita, makombora kwa maelfu, na raia kwa mamia wakafa. Wengine wanatembea hadi leo na vyuma mwilini. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita vyake nchini humo, milioni 225 kati yake zikiwa kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu. Mfuko wa kugawa fidia hiyo, FRIVAO, ukawekwa Kisangani. Kisha Septemba 2025 Mahakama ya Kasasio mjini Kinshasa ikamhukumu aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, miaka mitatu ya kazi za kulazimishwa kwa kufuja takriban dola milioni 19 za mfuko huo. Yeye alikana mashtaka. Pesa zilikuwa zimetengwa kujenga gereza, Kisangani.

Msomaji na asimame hapo kidogo. Fedha zilizotolewa kwa ajili ya miili iliyojeruhiwa zilipangiwa gereza, katika nchi ambamo wodi tayari zinafanya kazi ya gereza. Mtu aliyevunjwa mguu na kombora la Juni 2000 anaweza kabisa kuwa mdai wa fidia na papo hapo mdaiwa wa hospitali. Deni analodaiwa yeye lina mlinzi getini. Analodai halina.

Sheria, kwa upande wake, imeshaanza kulijibu swali. Septemba 2015, jijini Nairobi, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alitoa hukumu katika kesi ya wanawake wawili waliozuiwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa. Alisema kuwazuia kulivunja katiba, na akaamuru walipwe fidia. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 47, nayo inahakikisha haki ya afya. Na Septemba 2023 serikali ilizindua Kinshasa mpango wa kujifungua bila malipo, ukianza kupanuliwa mikoani hatua kwa hatua. Hilo ni kubwa, lisibezwe. Lakini mpango kama huo unasimama au kuanguka kwa kitu kimoja: kama mwenye nyumba ya wageni analipwa kwa wakati. Serikali ikiahidi na kuchelewa, hospitali itapata njia nyingine ya kutoza, kwa jina jingine, chini ya meza.

Kuna mfano wa Kikongo wa dinari zilizolipwa mapema. Mwaka 1986, Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa nchi, hospitali ilianzisha bima ya wakulima. Familia ilijiunga yote au isijiunge, ikalipa mara moja kwa mwaka kiasi kidogo, na mwenye kulazwa akabaki na sehemu ndogo tu ya gharama. Ndani ya wiki nne zaidi ya robo ya wakazi wa eneo walikuwa wameingia, chini ya Mobutu, katika nchi ambayo sarafu yake ilikuwa ikioza. Walioelewa haraka hivyo hawakuwa wasomi. Kisangani nayo ina likelemba, vikundi vya kuchangiana pesa kwa zamu, kila soko, na kina mama wanaoziendesha wanajua nani hajalipa zamu yake tangu wiki ya kwanza.

Misikiti ina chombo kilicho tayari: sura ya At-Tawba inawataja wenye madeni miongoni mwa makundi manane yanayostahili zaka, na deni la hospitali ni deni. Makanisa yana zaidi ya chombo, yana hospitali zenyewe. Askofu au rais wa jumuiya ya Kiprotestanti anaweza kuandika waraka wa ukurasa mmoja kwamba katika nyumba zinazobeba jina la kanisa lake, aliyepona anaondoka akiwa ametia sahihi ya deni lake, na sadaka ya Jumapili moja kila mwezi inaingia kwenye mfuko wa hospitali badala ya kwenye bati la paa jipya. Mkurugenzi aliyekunja uso atauliza nani atalipia oksijeni mwezi wa kwanza, kabla mfuko haujajaa. Ana haki ya kupewa jibu lenye tarakimu.