Kuta Nazo Hukaribisha

Wahenga wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa msemo huo walitufunza kwamba kukaribisha ni heri kwa pande zote mbili. Hatuna budi kujiuliza, basi, kama heri hiyo yaweza kudumu katika hoteli, ambamo ukarimu hulipiwa fedha. Wengi hudhani kwamba jibu limo katika adabu ya wahudumu peke yake. Sisi twaona kwamba kuta nazo zina sauti katika jambo hili.

Tuichukue nyumba ya mawe ya Lamu. Nje pana baraza, ambapo mwenye nyumba na mpita njia huketi kimo kimoja. Mlangoni pana daka lenye viti vya mawe. Kisha njia hupinda kabla ya kufika uani, ili jicho la mgeni lisitangulie mguu wake. Hivyo mgeni hupewa heshima yake, na wenyeji huhifadhiwa faragha yao. Hata hivyo, tusiisifu nyumba hiyo kupita kiasi. Zamani orofa ya chini ya nyumba nyingi za matajiri ilikuwa ghala na makao ya watumwa. Jengo lililomtukuza mgeni ndilo lililomficha aliyemtumikia.

Mwaka 1970 palizuka mjadala mkali katika magazeti ya Dar es Salaam: je, utalii wapatana na Ujamaa? Baadhi walihofu kwamba hoteli zingezaa upya mabwana na watumishi. Tukitazama hoteli iliyozungukwa na ukuta mrefu, yenye lango la wageni mbele na la wafanyakazi nyuma, twaielewa hofu yao. Mgeni aweza kulala humo siku saba, akaondoka bila ya kuamkiana na mtu asiyelipwa kumwamkia.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una nyumba kadhaa za kale zilizogeuzwa hoteli. Nyumba ya namna hiyo ikiliacha baraza lake wazi kwa jirani, mgeni hujifunza kutoa salamu na kungoja jibu. Ikilifunga, husalia mlango wa nakshi tu, na kilichokuwa adabu huwa pambo.

Basi, achoraye ramani ya hoteli huamua pia jinsi watu watakavyokutana. Kabla ya kuusifu uzuri wa jengo, na tuulize: je, mwenyeji ameachiwa mahali pa kuketi?