Sababu si Udhuru: Riwaya ya Zanzibar na Suala la Chanzo cha Mapinduzi ya 1964

Utangulizi

Mwanafunzi mmoja wa Likoni, baada ya kuisoma riwaya ya Shafi Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), alimwuliza mwandishi wa makala hii swali ambalo halikujibika darasani: "Ikiwa wenzetu wa Unguja walipindua kwa sababu ya dhuluma ya mabwana shamba, mbona babu zetu hawakupindua?"

Swali hili si la kupuuzwa. Hadi Desemba 1963 ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya, Mombasa ikiwamo, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Waingereza waliuendesha kwa mkataba wa mwaka 1895. Bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Fort Jesus. Mtawala alikuwa mmoja na malalamiko yalifanana, lakini mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalitokea ng'ambo ile tu.

Makala hii inakusudia kulichunguza swali hilo kwa kurejelea riwaya tatu za Zanzibar. Tutajaribu kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba dhuluma hueleza hasira, lakini peke yake haielezi mapinduzi. Pili, kwamba kuijua sababu ya tendo si kulitolea udhuru. Mhakiki anayechanganya mambo haya mawili huipotosha kazi ya fasihi, na huenda akampotosha msomaji wake pia.

Dhuluma na Uvumilivu

Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, dhuluma imepewa sura ya mtu. Fuad ni bwana shamba mkatili, na msomaji hashangai utawala wa watu kama yeye unapoanguka. Aghalabu wahakiki wameisoma riwaya hii kama maelezo ya chanzo cha Mapinduzi: ukatili ulizidi, wanyonge wakachoka, wakainuka. Lakini riwaya yenyewe inayatatiza maelezo hayo kwa kumleta Kijakazi. Mtumishi huyu anaonewa kila siku, na bado uaminifu wake kwa bwana wake hautikisiki. Kama uonevu peke yake ungetosha kuzaa mapinduzi, Kijakazi angekuwa wa kwanza kushika panga.

Historia inaunga mkono shaka hiyo. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, lakini ardhi na mikarafuu ilibaki mikononi mwa mabwana wale wale. Waliokuwa watumwa, pamoja na wahamiaji kutoka bara, wakawa maskwota. Waliruhusiwa kupanda muhogo na mazao mengine ya chakula katikati ya mikarafuu, lakini si miti ya kudumu, kwani mti wa kudumu huleta dai la kudumu. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya nusu karne pasipo kiti cha enzi kutikisika.

Hata mijini mambo yalikuwa hivyo. Kuli (1979), riwaya nyingine ya Shafi, inasimulia maisha ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Wasomaji wa Changamwe na Likoni hawana haja ya kufafanuliwa hali hiyo, maana Mombasa ilikuwa imeshuhudia mgomo wake mkuu mwezi Januari 1947, na kiongozi wa wafanyakazi, Chege Kibachia, akakamatwa na kuwekwa kizuizini mwaka huo huo. Bandari mbili, jasho moja, migomo miwili. Hakuna sultani aliyeng'olewa.

Methali yetu yasema mvumilivu hula mbivu. Lakini methali hii yadhania kwamba mti ungalipo na kwamba tunda litamfikia aliyengoja. Swali la msingi, basi, si kwa nini watu walidhulumiwa. Ni kwa nini walifikia kuamini kwamba hakuna tena cha kungojea.

Mlango wa Mwisho

Jibu, kwa maoni yetu, limo katika miaka mitatu ya mwisho. Uchaguzi wa Juni 1961 ulifuatwa na ghasia ambamo watu 68 walipoteza maisha. Katika uchaguzi wa Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31. Muungano wa Zanzibar Nationalist Party na ZPPP ukapata viti 18 na kuunda serikali. Serikali hiyo ndiyo iliyokabidhiwa uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Sultani Jamshid bin Abdullah akiwa mkuu wa nchi.

Hapa pana pingamizi la kuzingatiwa. Mtu aweza kusema kwamba hesabu ya viti ilikuwa halali kwa mujibu wa sheria, na kwamba jambo kama hilo hutokea kwingine. Mwaka 1951, chama cha Labour cha Uingereza kilipata kura nyingi kuliko Conservative, kikashindwa kwa viti, na hakuna aliyevamia ghala la silaha. Pingamizi hili ni zito, nalo linatusaidia kuisafisha hoja yetu. Tofauti haikuwa katika hesabu. Aliyeshindwa kule Uingereza alijua kwamba uchaguzi mwingine utakuja, na kwamba aliyeshinda leo hataubomoa mlango alioingilia. Huko Zanzibar, serikali mpya ilianza kuwaachisha kazi askari polisi wenye asili ya bara, na mapema Januari 1964 ikakipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu. Mlango ulionekana ukifungwa mbele ya macho ya watu, na miongoni mwao walikuwamo wale waliojua namna ya kutumia bunduki. Ghala za silaha za polisi ndizo zilizovamiwa kwanza.

Alexis de Tocqueville, akiandika mwaka 1856 juu ya Ufaransa, alionyesha kwamba watu huweza kubeba mzigo mzito kwa vizazi vingi, na kwamba hatari huja pale mzigo unapoanza kulegezwa. Zanzibar inathibitisha rai hiyo na kuiongezea jambo. Kura ililegeza mzigo, kwa kuwa ilimwambia skwota kwamba naye ni mtu wa kuhesabiwa. Kisha akahesabiwa, na hesabu isimfae kitu. Ahadi iliyovunjwa huuma kuliko ahadi isiyotolewa.

Karatasi

Sasa twaweza kulirudia swali la mwanafunzi wa Likoni. Riwaya inayotusaidia zaidi hapa haiyasimulii Mapinduzi. Katika Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed, Rehema anapewa kipande cha shamba na baba yake kwa neno la mdomo. Yeye na mumewe Sulubu wanakilima na kukifanya maskani. Baba anapokufa, jamaa wenye nguvu ya sheria wanakuja kukidai, na jasho halina ushahidi mbele ya karatasi. Sulubu anaishia kumwaga damu.

Msomaji wa Kisauni hasomi hapo habari za Unguja pekee. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wajiandikishe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wenyeji wengi wa Kimijikenda, ambao dai lao lilikuwa kaburi la babu na mnazi alioupanda, hawakupata hati. Ndipo ulipokomaa ule utaratibu ujulikanao Mombasa kama nyumba bila ardhi: mtu hujenga nyumba yake, hurithisha nyumba yake, lakini kiwanja si chake na hulipia kodi.

Mbona basi hapakuwa na mapinduzi? Kwa sababu kwetu kiti cha enzi kilikuwa mbali na kiliondolewa kwa kalamu. Mwezi Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walikubaliana kwamba ukanda ujiunge na Kenya. Babu zetu waliambiwa kwamba mlango unafunguliwa. Katika makubaliano hayo hayo, hata hivyo, Kenya iliahidi kuzitambua hati za ardhi zilizokwisha kuandikishwa. Bendera ikateremka na karatasi ikabaki. Sultani Jamshid, alipokimbia kwa meli mwezi Januari 1964, alinyimwa ruhusa ya kushuka Mombasa, mji uliokuwa milki yake mwezi mmoja tu kabla. Yeye alikataliwa. Utaratibu wa ardhi ulioota chini ya bendera yake haukukataliwa.

Sababu na Udhuru

Imebaki sehemu ngumu ya suala hili. Tukishakubali kwamba Mapinduzi yalikuwa na sababu ya kweli, je, tumeyahalalisha yote yaliyotendwa kwa jina lake? Maelfu waliuawa, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. Miongoni mwao walikuwamo Wamanga wenye viduka vya vijijini, watu ambao hawakuwa na shamba la mikarafuu wala hawakupata kukanyaga zulia la Sultani. Sababu ilielekea kwenye kiti cha enzi, lakini pigo likaangukia duka la kando ya njia.

Hapa ndipo riwaya za ukatili wa bwana shamba zinapohitaji kusomwa kwa hadhari. Zinapoiweka dhuluma yote ndani ya Fuad mmoja, zinamshawishi msomaji aone kwamba dhuluma ina nasaba na rangi ya ngozi. Msomaji wa namna hiyo hataiuliza karatasi. Atamuuliza jirani yake kwao ni wapi.

Hatari hiyo si ya kudhania. Tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika siku zilizofuata watu wenye asili ya bara waliuawa na maelfu wakafurushwa makwao. Ukosefu wa ardhi na kazi ulikuwa wa kweli. Nao ulitumiwa katika mwaka wa uchaguzi dhidi ya wapangaji na wachuuzi ambao wengi wao hawakuwa na hati kama wale waliowashambulia. Aliyefukuzwa aliacha chumba cha kupanga. Mwenye hati hakuguswa.

Hitimisho

Tumedai kwamba mapinduzi hutokana na kufungwa kwa mlango kuliko na uzito wa mzigo, na kwamba sababu ya haki haimtakasi atendaye dhuluma. Madai haya mawili hayapingani. Anayefunga mlango ana lawama yake, na anayemchinja asiyehusika ana lawama yake; lawama ya mmoja haiipunguzi ya mwingine.

Kwa mwanafunzi wa Likoni, jibu letu ni hili: babu zako hawakuwa waoga, wala wa Unguja hawakuwa mashujaa zaidi yao. Walioneshwa mlango, wakangoja. Wajibu wa kizazi chako ni kuuliza, kwa sauti na kwa njia zilizo wazi, kama mlango huo ulipata kufunguliwa, na kumwuliza mwenye karatasi, si jirani.