Jina la Mtu na Mtu Mwenyewe

Kila kijiji cha Nachingwea na Ruangwa kina neno lake kwa mtu asiyezaliwa hapo. Huyu ni mtu wa kuja. Yule ni Mmawia, maana wazee wake walivuka Ruvuma. Na kijana yule ni mtu wa machimboni. Mbuzi akipotea, maneno hayo hutangulia mbele ya ushahidi. Basi nauliza, ndugu wasomaji: Mkristo amwitaye mwenziwe kwa jina la namna hii, je, amemwona?

Wengine watajibu kwamba majina hayaepukiki. Ni kweli. Wamwera, Wamakua, Wayao, Wamakonde, sote twaitwa kwa makabila yetu wala hatuoni haya. Tena tuna utani. Mtani wako akikuita mwizi, au mtumwa wa babu yake, hukasiriki. Wacheka, nawe wamrudishia. Lakini uangalieni sana utani huo. Yule akutukanaye leo ndiye atakayekuja msibani kwako kesho, ashike jembe, achimbe kaburi, awachekeshe wafiwa hata wapate kula. Tusi lake limefungwa pamoja na wajibu wake, ndiyo sababu haliumi. Neno "mtu wa kuja" halina wajibu wowote nyuma yake. Alisemaye hajifungi kwa mwenziwe, bali hujifungua. Nami naona tofauti hii ni kubwa kuliko ile ya adabu ya ulimi tu.

Sisi wa kusini tungepaswa kuyajua haya kuliko wengine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja, akapita Lindi, akiongoza kundi la watu waliokombolewa katika utumwa. Alikusudia wafike karibu na Ziwa Nyasa, walakini wakakaa Masasi. Walikuwa huru, ila mnyororo hukatwa kwa siku moja, na jina la utumwa huwafuata hata wajukuu. Katika watoto wengine waliokombolewa zamani zile alikuwamo Myao mmoja, Cecil Majaliwa. Alisoma Kiungani, akatumwa Chitangali kufundisha, na mwaka 1890 akapewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile ya UMCA. Na Nachingwea kwenyewe, baada ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, wakaja wapigania uhuru wa Msumbiji wakajenga kambi yao. Samora Machel alikuwa kiongozi wao hapo. Mwaka 1975 akawa Rais wa kwanza wa nchi yake.

Lakini mifano hii isitudanganye. Wako wasemao, mheshimu mgeni, huenda siku moja akawa mkubwa. Hiyo ni biashara, si upendo. Waliozikwa Masasi bila kupata ukasisi, na waliovuka Ruvuma wakalima mihogo hata kufa kwao, je, walipungukiwa na nini mbele za Mungu? Mtume Paulo alipomwandikia Filemoni habari za Onesimo, mtumwa wake, hakumwahidi kwamba Onesimo atakuwa mtu mkuu. Alimwomba ampokee kuwa ndugu; tena, kama alikuwa na deni, Paulo alijitwika kulilipa yeye. Tazameni, hakulikana deni. Kumwona mtu si kujifanya kwamba hawezi kukosa. Aliyeiba mbuzi ameiba, na shauri liende barazani. Ila aitwe kwa jina lake, mashahidi wake wasikiwe, wala asihukumiwe kwa sababu ya mto aliouvuka babu yake.

Nathanaeli naye alikuwa na neno lake juu ya watu wa Nazareti. Filipo hakubishana naye. Alimwalika aje, aone kwa macho yake. Kazi hiyo ni ya miguu kuliko ya midomo: kwenda hata ua wa mtu wa kuja, kuketi mkekani pake, kuuliza habari za wazazi wake na mahali walipozikwa. Wako kwetu wazee waliokuja wakati wa vita vya Msumbiji. Watoto wao wamesoma katika shule zetu, na korosho zao hupimwa mizani moja na zetu. Jirani wengi hawawezi hata leo kulitaja jina la baba wa mmoja wao.