Chochote na Sijui

Agosti 2021 TypeScript ilifika toleo la 4.4, na miradi ya tovuti iliyokuwa imetulia ikaanza kuonyesha mistari myekundu. Msimbo haukuguswa. Kilichobadilika ni toleo tu, na swali la waliopandisha lilikuwa la haki: jana hapakuwa na kosa, leo limetoka wapi?

Mahali penyewe ni padogo. Programu ikikwama, msimbo hudaka tatizo ndani ya catch. Zamani kompaila ilikipa kilichodakwa aina ya any, yaani chochote: ukitaka ujumbe wake, chukua, ukitaka kukizidisha kwa saba, zidisha, hakuna wa kukuuliza. Toleo la 4.4, kwa waliowasha ukaguzi mkali, likakipa aina ya unknown. Lina haki, kwa sababu JavaScript inaruhusu kurusha kitu chochote kama kosa, hata namba tupu. Hujui umedaka nini mpaka ukikague.

Aina hizo mbili hupokea kila kitu. Ila any hujifanya inajua, unknown inakiri haijui. Nimesoma kurasa nyingi za falsafa ya maarifa zilizohangaika kusema hivyo.

Mradi wetu wa tovuti ya kulipia ada ulikuwa bado nyuma ya toleo hilo. Tulipopandisha, mwenzangu alitaka tuuzime ukaguzi huo kwa mstari mmoja wa mipangilio. Hakuwa mvivu. Tovuti inafanya kazi, alisema, wanafunzi wanalipa, na saa za kukagua kila catch zingetosha kurekebisha ukurasa usiofunguka kwenye simu za bei ndogo. Hoja nzito hiyo. Lakini kosa la jana lilikuwapo, aliyekosekana ni wa kuuliza. Malipo yakigoma na msimbo ukaomba ujumbe kwenye kitu kisicho na ujumbe, mwanafunzi atasoma "undefined" kwenye simu yake, asijue kama hela imekatwa au la. Any ni yetu, lakini wasiwasi ni wake, usiku wa kuamkia mwisho wa usajili.

Siamini, hata hivyo, kwamba kila kunyamazisha ni uongo. Toleo la 3.9, mwaka 2020, lilileta @ts-expect-error, inayoiambia kompaila: hapa najua pana kosa, niache. Siku kosa likiondoka, kompaila yenyewe hulalamika kwamba ruhusa ile haina kazi tena. @ts-ignore haikumbushi kitu. Hukaa kama deni la duka ambalo mwenyewe keshahama.

Faili za malipo tumezikagua zote. Zilizobaki zina ruhusa ya kwanza, kila moja na sentensi ya sababu juu yake. Nyingi kaziandika mwenzangu, na ukurasa wa simu ameanza kuushughulikia.