Abiria wa 102

Alhamisi, Septemba 20, 2018 ilikuwa siku ya gulio Bugolora, kisiwani Ukerewe. Watu wa Ukara walipanda MV Nyerere kurudi kwao na bidhaa zao. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, na waliokufa tu walizidi 220.

Kinachonirudia zaidi ni jambo jingine. Waokoaji walipoanza kazi, hakuna aliyejua wanatafuta watu wangapi. Mkata tiketi alikuwa amekufa maji na mashine yake imezama. Jamani! Abiria wakaja kuhesabiwa ufukweni, maiti upande huu, manusura upande ule.

MV Bukoba nayo, Mei 21, 1996. Ilikuwa na orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Kumbe hata kuhesabiwa kulikuwa na nauli yake.

Kila baada ya msiba tunasikia wito uleule: wamiliki wa vyombo, serikali na abiria washirikiane. Sipingi. Mkaguzi hawezi kulala gatini kila siku. Ila kwa MV Nyerere, mmiliki alikuwa TEMESA, wakala wa serikali, na msimamizi wa usafiri alikuwa SUMATRA, nayo ya serikali. Ushirikiano gani tena zaidi ya huo? Rais Magufuli akavunja bodi zote mbili. Mimi naona watu wanaoshirikiana wanafaa pale tu mmoja anapoweza kumwambia mwenzake hapana na asifukuzwe kazi kesho yake. Bila hivyo ni kulindana tu.

Na hapana hiyo ina gharama. Abiria wa 102 akizuiwa, analala wapi? Samaki wake, mtoto aliyemwacha nyumbani, nani anawaangalia? Wengine husema abiria wamejitakia, walijiona wamejazana wakapanda. Hivi hiari ya mtu asiye na chombo kingine ni hiari kweli? Nadhani anayemzuia ana deni la kumpa safari nyingine, la sivyo sheria inamwangukia asiye na kitu peke yake. Baadaye Ukara ilipata kivuko kikubwa zaidi, MV Ukara II. Kuna aliyelielewa hilo deni, ingawa kwa kuchelewa.

Lakini nisijifanye msafi. Niliwahi kupanda boti iliyojaa hadi watu wamekaa juu ya maboya ya kujiokolea, wakiyatumia kama mito. Nililiona hilo nikiwa bado gatini. Nina kalamu, nina simu, nina kazi ya kuandika habari. Nilitaka kuwahi nyumbani. Karani alipokea pesa bila kuniuliza jina, nami sikumtajia.