Kuizidi Kazi ya Jana

Mchezaji wa Game Dev Tycoon, gemu ya kuendesha kampuni ya kutengeneza gemu, huanza peke yake gerejini, miaka ya 1980, akiwa na kompyuta moja na fedha za kuhesabu. Ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug, waliitoa gemu hiyo mwishoni mwa mwaka 2012, na tangu hapo watu hawajaacha kuulizana njia ya haraka ya kufaulu: mada gani ioane na aina gani ya gemu, muda wa kazi ugawanywe vipi. Majibu yapo. Gemu ya visa hutaka muda mwingi kwenye hadithi na mazungumzo; ya mapambano hutaka injini na uchezaji. Ukiyakariri hayo, utauza.

Mimi ninavutiwa zaidi na jinsi mchezo huu unavyompima mtu. Wahakiki wake hawakulinganishi na kampuni jirani. Hukulinganisha na kazi yako bora iliyotangulia. Anayetoa kito mapema mno, kabla hajapata wafanyakazi wala maarifa ya kukizidi, hujiwekea kiwango asichoweza kukifikia tena, na gemu zinazofuata, hata zikiwa nzuri, hupewa alama za chini. Ndiyo maana wazoefu hushauri kupanda kidogo kidogo: kila gemu iizidi iliyopita kwa kiasi, na teknolojia mpya ziongezwe kwa zamu. Wapo wanaoona huo ni ujanja wa kuzizunguka kanuni. Mimi naona kuna haki ndani yake. Mtu anayejipima kwa kazi yake ya jana ana kipimo anachokijua, maana anakumbuka kilichomshinda na kwa nini kilimshinda.

Gemu ikishatoka, mchezaji anaweza kuiandalia ripoti, nayo humwonyesha kama mada na aina vilioana na kumwongezea pointi za utafiti. Mwenye hamu ya kuanza gemu nyingine huiruka hatua hii. Namsihi asiiruke.

Kisha kuna ile milioni ya kwanza, inayofungua mlango wa ofisi. Hapo wengi huanguka. Wanahama papo hapo, gharama na mishahara vinapanda, gemu moja inakosa wanunuzi na akiba inakwisha. Gereji haina aibu. Mchezaji akae humo hadi awe na fedha za kuhimili gemu mbili zilizoharibika, ndipo ahame.

Lakini mbinu zote hizi zina sharti moja: anayeipenda kazi yako ailipie. Aprili 2013 akina Klug walifanya jambo ambalo hadi leo linanifikirisha. Walisambaza bure mtandaoni nakala iliyofanana na ya wizi, na ndani yake wakaficha balaa: kampuni ya mchezaji ikishakua, gemu zake zinaanza kuibwa, mapato yanapungua, mwishowe inafilisika. Siku ya kwanza walihesabu wachezaji 3,104 wa nakala hiyo, na 214 tu walionunua. Baadhi ya wale wa nakala walilalamika kwamba kazi yao inaibwa, wakauliza kama kuna kinga wanayoweza kuifanyia utafiti. Siwacheki. Kwa saa chache walikaa upande wa mtengenezaji, wakaona kazi nzuri ikichezwa na wengi huku hazina ikikauka, na hapakuwa na namna yoyote ya kugawa muda ambayo ingewaokoa.