Hasira Halali Haihalalishi Kila Tendo

Ndugu zangu, zipo siku ambazo hasira ni haki ya mtu. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 ilikuwa mojawapo. Yapata saa nne na nusu asubuhi, gari lililosheheni baruti lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Muda mfupi baadaye jingine likalipuka kwenye ubalozi wao wa Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Wamarekani walikuwa 12. Wafu wengine walikuwa karibu wote watu wetu: makarani, walinzi, abiria wa basi, wapita njia waliotoka nyumbani kutafuta riziki.

Asiyekasirika siku ile, moyo wake una ganzi. Lakini hasira, hata iwe halali namna gani, haijui kuchagua. Inataka mtu wa kupigwa, na inamtaka leo. Hapo ndipo serikali hupimwa: je, inamtafuta mkosaji, au inatafuta wa kumlipizia?

Marekani ilishika njia mbili kwa pamoja. Tarehe 20 Agosti, siku 13 tu baada ya maafa, ilirusha makombora kwenye kambi za washukiwa huko Khost, Afghanistan, na kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum. Kiwanda kile kilitengeneza dawa za binadamu na za mifugo. Wakubwa wa Washington walidai kina uhusiano na kemikali za silaha za sumu, wakitegemea sampuli ya udongo. Dai hilo halikuthibitishwa mbele ya jaji yeyote. Mwaka uliofuata waliziachia fedha za mwenye kiwanda walizokuwa wamezizuia, ila fidia hakupewa. Na aliposhtaki katika mahakama za Marekani, kesi yake ilitupwa. Aliyekosea alikuwa na makombora, basi hakuna aliyeweza kumlazimisha ajieleze.

Njia ya pili ilikwenda polepole. Makachero waliokota vipande vya vyuma, wakahoji mashahidi, wakafuata risiti za magari na nyumba za kupanga. Mwaka 2001 watu wanne walisimamishwa kizimbani New York, mmoja wao kijana wa Zanzibar, Khalfan Khamis Mohamed. Alikuwa amekamatwa Cape Town Oktoba 1999, alipokwenda kuhuisha karatasi zake za hifadhi, akakabidhiwa kwa Wamarekani haraka haraka. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini haikulinyamazia jambo hilo. Ilisema serikali ya Afrika Kusini ilivunja sheria kwa kumtoa mtu bila kwanza kupata ahadi kwamba hatahukumiwa kifo, ikaamuru hukumu hiyo ipelekwe upesi kwenye mahakama ya New York. Na kweli, raia 12 waliokaa kuamua kesi ile hawakuafikiana juu ya kumuua. Wote wanne walihukumiwa kifungo cha maisha.

Tazameni tarehe ya adhabu hiyo: 18 Oktoba 2001. Minara ya New York ilikuwa imeangushwa mwezi uliotangulia, mitaa michache tu kutoka mahakama ile, na ndege za Marekani zilikwisha kuanza kuishambulia Afghanistan. Katikati ya ghadhabu yote hiyo jaji alikaa, akasikiliza, akatoa adhabu kwa mujibu wa sheria.

Sasa tuangalie kesi ya Mtanzania mwingine aliyeshtakiwa kwa milipuko hiyohiyo, Ahmed Khalfan Ghailani. Alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika magereza ya siri ya majasusi wa CIA, kisha akapelekwa Guantanamo. Alipofikishwa mahakamani New York, jaji alimkataa shahidi muhimu wa mashtaka, kwa kuwa jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumshurutisha mshtakiwa akiwa kizuizini. Mwaka 2010 Ghailani alitiwa hatiani kwa shtaka moja kati ya zaidi ya 280. Alifungwa maisha hata hivyo, lakini katika kesi hiyo wafiwa wa Nairobi na Dar es Salaam hawakupata hukumu ya mauaji ya mtu wao hata mmoja. Waliomtesa walidhani wanaiharakisha haki. Kumbe waliwapora wenye haki.

Tusidanganyane, ndugu zangu. Upo wakati wa askari. Magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi mwaka 2013, na chuo kikuu cha Garissa, Kenya, mwaka 2015, risasi zilipokuwa zikilia, hakuna ambaye angeomba kwanza hati ya kukamata. Na kundi linaloshika miji na barabara, kama Al-Shabaab wa Somalia, haliitwi mahakamani kwa barua. Nguvu inayozuia kifo ina heshima yake. Yenye aibu ni ile inayokuja baada ya hatari kupita, ikimwangukia aliye karibu kwa sababu aliye mbali hapatikani.

Na aibu hiyo si ya Washington peke yake. Aprili 2014, wakisaka magaidi, polisi wa Kenya walikamata maelfu ya watu katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, wengi wao Wasomali, wakawakusanya katika uwanja wa Kasarani. Wengi hawakuwa na kosa ila ukoo na mtaa. Sisi majirani tulisemaje? Wapo waliosema, "Wameyataka." Wapo waliopiga makofi. Wengi tulikaa kimya, tukakiita kimya chetu uzalendo.

Basi nawanasihi, nikianza na nafsi yangu. Tukiambiwa gaidi ameuawa au amepotea, tusikimbilie kushangilia. Tuulize alishtakiwa wapi, na kwa ushahidi gani. Tukijua jambo la kweli, tulitoe mbele ya sheria bila woga, maana kesi nyingi hufa kwa mashahidi wanaojificha. Tusipolijua, tusimtaje jirani kwa chuki ya mpaka wa shamba au deni la duka, kwani fitina yetu moja yaweza kumpeleka mtu asikorudi. Serikali huchagua bunduki kwa wepesi pale raia wake wanapoikubalia bila swali. Kabla hatujamlaumu mtawala kwa kumpiga asiye na hatia, tuulizane ni mara ngapi alituona tukimshangilia.